Meya Wetu ni Nani Siku Hizi? Sheria ya Kiti Kilicho Wazi na Tangazo Lililobandikwa

Juzi baada ya Isha, barazani kwetu, mzee mmoja aliuliza swali lililotunyamazisha sote. "Hebu nambieni nyinyi mnaosoma magazeti, meya wetu siku hizi ni nani?" Mmoja akasema ni gavana. Mwengine akasema ni meneja wa manispaa. Wa tatu akasema mameya walikwisha zamani. Mzee akatikisa kichwa: "Basi mwenye mji mukimtaka, mutampata wapi?"

Tulicheka, lakini mimi swali lile lilinirudisha kwenye jambo ambalo halichekeshi. Kiwanja kilicho nyuma ya nyumba zetu kilibadilishwa matumizi, kutoka makaazi hadi biashara. Tulipopata habari, mafundi walikuwa wameshaanza kuchimba msingi. Tukakusanyana wanaume na wanawake wa mtaa, tukaenda kwenye ofisi moja ya umma. Karani hakutufokea. Alifungua faili, akatuonyesha tangazo lililotolewa kwenye gazeti la Kiingereza, na picha ya bango lililosimamishwa upande wa kiwanja ambao hakuna mtu anayepita. Akasema kwa upole, "Wazee wangu, mulipewa siku 14 za kupinga. Zimepita."

Tangu siku ile nimejifunza kitu kimoja, na ndicho ninachotaka kukieleza leo. Sheria za nchi hii haziruhusu kiti cha uongozi kikae kitupu bila mpango, wala haziruhusu uamuzi mkubwa ufanywe bila kutangazwa. Mambo hayo mawili yote yamefungwa kwa hesabu ya siku. Lakini hakuna atakayekuhesabia siku hizo. Asiyezijua hupoteza haki yake akiwa nyumbani kwake amekaa.

Meya alikwenda wapi?

Tuanze na swali la mzee. Kabla ya mwaka 2013 Kenya ilikuwa na mabaraza 175 ya miji, manispaa na wilaya, yakiendeshwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa. Meya wa manispaa hakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Sisi tulichagua diwani wa wadi, kisha madiwani wakaketi wakamchagua meya miongoni mwao. Waliokuwepo Mombasa na Malindi wanakumbuka vishindo vya siku za uchaguzi huo.

Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, na baada ya uchaguzi mkuu wa Machi 2013 ile sheria ya zamani ikafutwa. Mabaraza yakaondoka pamoja na mameya wake. Madaraka na mali yakaingia kaunti. Kwa hivyo yule wa tatu barazani alisema kweli: meya hayupo. Lakini mji haukuachwa bila mwenyewe.

Ipo sheria inayoitwa Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji, ya mwaka 2011, iliyorekebishwa mwaka 2019. Hiyo ndiyo inayosema mji gani upewe hadhi gani. Kabla ya marekebisho, mji ulihitaji wakaazi 250,000 ndio uitwe manispaa. Baada ya marekebisho kiwango kikashuka hadi 50,000, na jiji likashuka kutoka 500,000 hadi 250,000. Mji mdogo wa kawaida unahitaji watu 10,000. Ndipo tulipoanza kusikia manispaa nyingi hapa pwani: Malindi, Kilifi, Kwale, Diani, Lamu, Voi na nyenginezo.

Manispaa inaendeshwa na bodi ya watu wasiozidi tisa, na chini ya bodi kuna meneja anayesimamia kazi za kila siku. Wajumbe wa bodi huteuliwa na gavana kwa idhini ya bunge la kaunti, na hutumikia kwa miaka mitano. Lakini si wote wanatoka mfukoni mwa gavana. Sheria imetenga nafasi za watu wanaopendekezwa na makundi manne: vyama vya wataalamu, sekta ya biashara, vyama vya sekta ya jua kali na wachuuzi, na vyama vya wakaazi wa mitaa vilivyosajiliwa. Mwenyekiti huchaguliwa na wajumbe wenyewe.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoachwa. Mtaa usio na chama kilichosajiliwa hauna pa kuingizia jina. Sisi tunakutana kila usiku barazani na kwenye mazishi na harusi, tuna umoja kuliko miji mingi, lakini umoja huo hauna cheti. Nafasi ya wakaazi inapotangazwa, anayeichukua ni yule mwenye cheti.

Kiti kikibaki wazi

Kwenye bodi ya manispaa, kiti huwa wazi mjumbe akifariki, akijiuzulu kwa barua kwa gavana, au akikosa vikao vitatu mfululizo ndani ya mwaka mmoja wa fedha bila sababu ya maana. Zipo sababu nyengine kama kufilisika au kufungwa jela. Hiyo ya kutohudhuria ndiyo ninayoipenda, kwa sababu mwananchi anaweza kuifuatilia. Kitabu cha mahudhurio si siri. Ikiwa mjumbe anayesemea mtaa wenu hajaonekana vikaoni, mna haki ya kuuliza.

Kwa gavana, Katiba yenyewe imepanga, kwenye kifungu cha 182. Kiti cha gavana huwa wazi akifariki, akijiuzulu kwa barua kwa spika wa bunge la kaunti, akipoteza sifa za kugombea, akipatikana na hatia ya kosa ambalo adhabu yake ni kifungo cha angalau miezi 12, au akiondolewa kwa njia ya kikatiba. Hakuna uchaguzi mdogo hapo. Naibu gavana ndiye anayeingia na kumaliza muhula.

Tumeyaona haya kwa macho. Nyeri ilipoteza magavana wawili ndani ya mwaka mmoja, 2017: Nderitu Gachagua alifariki Februari, na Wahome Gakuru akafariki Novemba kwa ajali ya barabarani. Mara zote mbili naibu alipanda. Bomet ilikuwa hivyo hivyo Julai 2019 alipofariki Joyce Laboso. Kiambu, Januari 2020, gavana aliondolewa na Seneti na naibu wake akachukua kiti.

Kuna kipengele kidogo hapo ambacho wanasiasa wanakijua vizuri na sisi hatukijui. Naibu akipanda wakati muhula umebakisha zaidi ya miaka miwili na nusu, muhula huo unahesabiwa kwake kuwa muhula kamili. Kwa vile gavana hatakiwi kuzidisha mihula miwili, naibu huyo anabakiwa na mmoja tu. Akipanda baadaye zaidi, hauhesabiwi.

Je, na naibu asipokuwepo? Hapo spika wa bunge la kaunti anakaimu ugavana, na uchaguzi unatakiwa ufanyike ndani ya siku 60. Nairobi ndiyo iliyotufundisha. Naibu gavana wa Nairobi alijiuzulu Januari 2018, na kaunti ikakaa karibu miaka mitatu bila naibu. Gavana Mike Sonko alipoondolewa Desemba 2020, hakukuwa na wa kupanda. Spika akashika usukani, tarehe ya uchaguzi ikatajwa, kesi zikajaa mahakamani, Anne Kananu akaapishwa kuwa naibu Januari 2021, na mwishowe akawa gavana Novemba mwaka huo. Karibu mwaka mzima mji mkuu wa nchi ulikuwa ukiulizana nani ana mamlaka kamili.

Na kiti cha naibu chenyewe, Katiba haikusema kijazwe vipi kikibaki wazi. Mahakama ya Juu ndiyo iliyotoa mwongozo mwaka 2018, ilipoombwa ushauri na spika wa bunge la Embu: gavana apendekeze jina ndani ya siku 14, na bunge la kaunti lipige kura ndani ya siku 60. Kwa hivyo mukisikia kaunti yenu haina naibu gavana, musiseme hayo ni mambo ya wakubwa. Hesabuni siku. Kiti cha naibu kinapoachwa kitupu, mlango unaachwa wazi kwa yaliyoikuta Nairobi.

Upande wa wabunge, kifungu cha 101 kinamtaka spika aijulishe tume ya uchaguzi kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu kiti kuwa wazi, na uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90, isipokuwa uchaguzi mkuu uwe umekaribia, yaani umebakia miezi mitatu. Mwakilishi wadi naye anaweza kupoteza kiti akikosa vikao vinane vya bunge la kaunti bila ruhusa ya maandishi ya spika na bila maelezo ya kuridhisha.

Sheria ni nzuri, lakini sheria haijipigi kengele yenyewe. Mbunge wa Banissa, kule Mandera, alifariki Machi 2023. Wakati huo tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna, kwani muda wa wa mwisho ulikwisha Januari mwaka huo, na wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Watu wa Banissa walipiga kura Novemba 27, 2025. Siku 90 za Katiba zikawa zaidi ya miaka miwili na nusu. Sisi wa pwani tulipiga kura siku hiyo hiyo pale Magarini, baada ya uchaguzi wa awali kufutwa mahakamani. Nayataja haya kwa sababu wengi hudhani tarehe ya sheria ikifika, mambo yatajitokea. Hayajitokei.

Tangazo si hisani

Sasa nije kwenye lile bango lililotuponza. Tangazo la umma si hisani ya ofisi kwa wananchi. Ni sharti, na likikosekana au likifanywa ovyo, uamuzi wenyewe unaweza kuanguka.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataja wazi njia za kuwashirikisha wananchi, na miongoni mwake imo mbao za matangazo, zitumike kutangaza kazi, uteuzi, zabuni na waliopewa zabuni hizo, na mambo mengine yenye faida kwa umma. Inataka pia habari zipitie televisheni, tovuti, redio za kijamii, mikutano ya hadhara na njia za jadi. Sheria ya kaunti ikishapitishwa na kutiwa saini, lazima ichapishwe kwenye gazeti rasmi ndani ya siku saba, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku ya 14 baada ya kuchapishwa.

Kesi inayonipa moyo ni ya Kiambu. Mwaka 2013 kaunti hiyo ilipitisha sheria ya fedha iliyoweka ada na ushuru kwa wafanyabiashara. Wakaazi wakaenda mahakamani wakasema hawakushirikishwa. Aprili 2014 Mahakama Kuu ikaifuta sheria nzima. Jaji alieleza kwamba haitoshi kuweka tangazo mahali ukajipigia alama kuwa umemaliza. Bunge la kaunti linatakiwa litumie majukwaa mengi iwezekanavyo, na akayataja: makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza ya hadhara, redio za lugha za wenyeji. Wenzangu, misikiti imetajwa na mahakama. Sasa jiulize, mara ya mwisho kusikia tangazo la bajeti ya kaunti baada ya swala ya Ijumaa ilikuwa lini?

Mfano wa pili uko nyumbani. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, Lamu, ulipewa leseni ya mazingira mwaka 2016. Watu wa Lamu wakapinga. Juni 26, 2019, Mahakama Maalum ya Mazingira ikaifuta leseni hiyo, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo baada ya ripoti ya athari za mazingira kuwa tayari. Mikutano ilifanyika, ndiyo, lakini mkutano unaofanywa kabla ya watu kuiona ripoti si kuwashirikisha. Mradi wa mabilioni ulisimamishwa na watu waliouliza: mulitwambia lini, na mulitwambia nini?

Na kwa viwanja vyetu, anayetaka kubadilisha matumizi ya ardhi anatakiwa kutangaza kwa umma, na majirani hupewa siku 14 za kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Siku hizo zikipita, mlango haujafungwa kabisa. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inampa mtu aliyeathirika siku nyengine 14 tangu uamuzi kutolewa, akate rufaa kwa kamati ya upatanishi ya mipango ya kaunti, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Sisi mtaani kwetu hatukulijua hilo. Tulirudi nyumbani tukilalamika, na tulipokuja kuambiwa na kijana mmoja anayesomea sheria, siku zile za pili nazo zilikuwa zimekwenda. Leo hapo nyuma pana jengo, na jua la asubuhi halituingilii tena madirishani.

Ardhi ikitakiwa na serikali kwa barabara au bandari, utaratibu ni mwengine. Tume ya Ardhi hutangaza kusudio kwenye gazeti rasmi, kisha angalau siku 30 zipite kabla ya kikao cha kuchunguza nani ana haki gani, na kikao chenyewe kitangazwe angalau siku 15 kabla. Asiyefika na karatasi zake siku hiyo hujikuta akikimbizana na fidia kwa miaka.

Tufanye nini?

Kwanza, tujue kalenda. Kila mwaka kaunti hupeleka mpango wa fedha kwenye bunge lake kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Mswada wa fedha, ule unaopandisha ada ya kibanda na leseni ya duka, hufuata ndani ya siku 90 baada ya bajeti kupitishwa. Matangazo ya mikutano huja karibu na tarehe hizo. Asiyejua msimu hawezi kuotea samaki.

Pili, kila mtaa uchague mtu mmoja wa kupita kwenye ubao wa ofisi ya wadi na ya manispaa mara moja kwa wiki, na kutazama gazeti rasmi la serikali ambalo hutoka kila Ijumaa na linasomeka bure mtandaoni. Apige picha aitume kwenye kundi la simu la mtaa, na atafsiri kwa Kiswahili. Kazi hiyo haimalizi nusu saa, na vijana wetu wanaiweza.

Tatu, tuulize kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Asiyejua kuandika, afisa anatakiwa amsaidie. Wakikaa kimya, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Haki ya Utawala. Unapopeleka barua, nenda na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Bila muhuri na tarehe, huna siku ya kuanzia hesabu.

Nne, tusajili vyama vya mitaa yetu. Kiti cha wakaazi kwenye bodi ya manispaa kimewekwa kwa ajili yetu. Kikiwa wazi na sisi hatuna cheti, atakikalia mtu tusiyemjua, na atasema kwa jina letu.

Nilimrudia yule mzee nikamweleza yote haya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama barua ya kuomba kitabu cha mahudhurio cha bodi nimeshaiandika. Nikamwambia bado. "Basi na wewe siku zako zinapita," akasema. Jumatatu niliipeleka, kwa Kiswahili, nakala mbili. Nakala yangu ina muhuri, na siku 21 nimezianza kuhesabu.